Mkono wa Seremala

Mtaa mzima wanamwita Makorokoro, na jina lenyewe halimuudhi. Mtu ambaye banda lake la kazi limejaa waya, trei za mayai, tyubu za baiskeli na viatu vilivyopoteza wenzake atajitetea vipi? Vitu hivyo yeye huviunganisha vikawa ndege, vikawa watu, na wapo wanaovinunua. Lakini kazi ya siku ile haikuwa ya mnunuzi yeyote. Ilikuwa ya mama yake.

Macho ya mama yalikuwa yamefifia kidogo kidogo, mpaka picha ya marehemu mumewe pale ukutani ikawa haimsaidii tena. Basi akamwomba binti yake kitu kimoja tu: amtengenezee mkono wa mzee, awe anaushika. Makorokoro aliona hiyo ni kazi ndogo. Mkono wa baba nani asiyeujua? Seremala yule alishika nyundo, msumeno na masikio ya watoto watundu, miaka nenda miaka rudi, hadi kiganja kikawa kigumu kuliko soli. Watoto wakirudi shule aliwawekea mkono huo kichwani mmoja mmoja kabla hajauliza lolote, nao kwa uzito wake tu walijua kama mzee yuko vizuri. Makorokoro sasa ana mvi zake, lakini uzito ule bado anautamani.

Asubuhi alimkalisha mama kwenye kiti, mahali penye mwanga, akakunja waya kuwa mifupa ya vidole. Alianza na plasta ya jasi. Mama akaipapasa, akasema imepoa mno, anahisi kama ameshika sahani. Zikaja trei za mayai zilizolowekwa, zikapondwa na gundi. Huo nao mama akaupima mkononi, akasema ni mwepesi, huyo mtu amelazwa hospitali gani? Wakacheka wote wawili, na kazi ikaanza upya.

Mchana Makorokoro alichanganya vumbi la mbao na gundi ya seremala, ile inayochemshwa. Harufu ilipopanda, mwiko ukamsimamia mkononi. Alijiona chini ya meza ya baba, amevaa maranda ya mbao mikononi kama bangili, huku juu msumeno unakwenda na kurudi na baba anaimba wimbo asioujua hata nusu. Machozi yakamtoka bila hodi. Aliyaacha yatoke, akaendelea kukoroga, maana gundi ile haimsubiri mtu.

Alilijaza tope lile kwenye mifupa ya waya, akalivika ngozi ya kiatu kikuukuu, na kwenye kiganja akabandika msasa uliochakaa. Akauanika mkono huo juani hadi ukapata joto, kisha akaupeleka kwa mama.

Mama aliushika. Akapitisha vidole kwenye kiganja, akaitikia kwa kichwa polepole, akatabasamu. Halafu akajaribu kuingiza vidole vyake katikati ya vile vya ngozi. Havikukaa. Akaugeuza, akajaribu tena, kama mtu anayelazimisha kiatu kisicho chake, mwishowe akauweka mapajani.

"Umempata, mwanangu," alisema. "Huyu ni baba yenu kabisa."

"Sasa mbona hujaridhika, mama?"

"Huu ni wa kulia. Huu ulikuwa wa kazi na wa kwenu nyinyi. Tukitembea, kulia amebeba vifaa vyake. Mimi alinishika kwa kushoto, tangu siku ya kwanza. Mimi nautaka huo."

Makorokoro akakaa chini sakafuni. Aliutafuta mkono wa kushoto wa baba yake katika kumbukumbu zote alizokuwa nazo, na alichopata ni mkono uliolalia ubao, upande wa mbali, umekandamiza ili msumeno upite. Kiganja chake hakukijua. Kucha zake hakuzijua. Kwa kitambo akamwonea mama yake wivu, wivu mtupu wa kitoto.

"Ulikuwaje?" akauliza.

Mama akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wa binti yake, ule wa kushoto. Akakishika kidole kidogo, akakikunja taratibu mpaka kikagusa kiganja.

"Hiki kilikuwa hakinyooki," alisema. "Hamkuwahi kukiona?"