Ada ya Dalali na Kamba ya Mbuzi

Ipo siku moja ya mnada, Tumaini mwanangu, ambayo siisahau hata nikizeeka kupita hapa. Sogea karibu mjukuu wangu nikusimulie. Simu yako usiiweke mbali, tutaihitaji tukimaliza.

Nilikuwa nimeolewa mwaka huohuo. Mimi na babu yako tulikaa Chapwa, chumba kimoja, naye akinunua mbuzi vijijini na kuwapeleka kwenye mnada wa mifugo pale Mpemba. Dalali aliyemuuzia alikuwa baba yangu mzazi. Baba alikuwa na sauti, wee! Akimnadi mbuzi, hata Wazambia waliokwisha kushika njia ya mpakani walirudi kuangalia huyo mbuzi ana nini.

Utaratibu wa mnada ule ulikuwa hivi. Mbuzi akiuzwa, mnunuzi anaondoka na mbuzi, kamba inabaki ya muuzaji. Lakini hairudi hivihivi. Dalali aliifungua shingoni mwa mbuzi, akaizungusha kiganjani, akasimama nayo mpaka muuzaji ampe ada yake. Kwenye ada hiyo alitoa ushuru wa msimamizi wa mnada, na kilichobaki ndiyo riziki yake. Hakuna aliyegomba. Unataka kamba yako? Lipa.

Basi babu yako, kwa kuwa ni mkwe, alipewa kamba papo hapo. Kwetu mkwe hadaiwi uso kwa uso, ni aibu, na baba alikuwa mtu wa aibu kwelikweli. Babu yako akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, ada yako nitaileta." Baba akajibu, "Haya, mwanangu." Yakaishia hapo, fedha ikanunua mbuzi wengine. Mnada uliofuata, vilevile. Tena babu yako hakuwa mwizi, usije ukamfikiria vibaya. Aliamini kabisa kwamba mzee angekuwa na shida angesema.

Asubuhi moja mama yangu akaja Chapwa kwa miguu. Nikamwekea kigoda, hakukaa.

"Baba yako yuko nyumbani," akasema.

"Leo si mnada? Anaumwa?"

"Haumwi. Wamemtoa. Ushuru wa mbuzi wa mumeo alikuwa akiutoa mfukoni mwake, sasa mfuko umekwisha, na msimamizi ameweka dalali mwingine. Baba yako hawezi kumdai mkwewe. Mimi ndiyo kabisa. Wewe unayelala naye nyumba moja, mdomo wako umeshonwa?"

Niliona aibu, nikaona na hasira, vyote pamoja. Nikaongozana naye mpaka Mpemba. Nikamkuta baba amekaa nyuma ya jiko anapukuchua mahindi, na kelele za mnada zinafika mpaka pale. Hakuniuliza nimefuata nini. Sijawahi kumwona baba yangu amenywea kiasi kile, na mpaka leo nikimkumbuka moyo unaniuma.

Jioni nilimwambia babu yako kila kitu. Kesho yake akawauza mbuzi wote tuliokuwa nao kwa mchinjaji wa jirani, bei ya kutupa, akampa mshenga fedha yote apeleke kwa mzee pamoja na maneno ya kuomba radhi. Msimamizi naye hakuwa na haraka. Baba alikaa pale nyuma ya jiko minada kadhaa kabla ya kurudishiwa nafasi yake.

Siku aliyorudi, babu yako alikuwa na mbuzi mmoja tu. Baba akamnadi, akauzwa. Akafungua kamba akamnyooshea mkwewe kama alivyozoea. Babu yako akaweka mikono nyuma.

"Hapana, mzee. Izungushe kwanza."

Watu wakacheka. Baba akaizungusha, akasimama. Ada ikatoka, kamba ikarudi, na baba akanadi siku hiyo mpaka sauti ikamkauka.

Sasa wewe. Unauza vitenge vyako kwenye mnada wa mtandaoni, na mtandao huo ndio dalali wako. Unakunadia kwa watu wa Dodoma na Mwanza ambao miguu yako isingewafikia. Wenye mtandao wamekutumia ujumbe wa kudai ada ya muuzaji, wakakukumbusha, na leo wanasema isipolipwa kufikia jioni akaunti inafungwa, huku watu bado wanapandishiana bei ya vitenge vyako. Nawe unaniambia, "Bibi, hao hawana neno, ni kompyuta tu." Tobaa! Baba yangu alinyamaza kwa ajili ya ukwe. Hao una ukwe gani nao? Watafunga, na sifa zote ulizoandikiwa na wateja zitafungiwa humohumo.

Sikiliza, mwanangu. Ada iweke ndani ya bei tangu unapopanga bei. Kitenge kikiuzwa, itoe siku hiyohiyo, kabla hujavuka mpaka kwenda Nakonde kufuata mzigo mwingine. Fedha hiyo si yako, hata ikilala kwenye simu yako. Na mambo yakikubana, waandikie mapema uombe muda, au uulize kama unaona hesabu yao ina kasoro. Kunyamaza ndiko kulikomweka baba yangu nyuma ya jiko.

Haya, fungua hiyo simu. Ugali wako na maharage ninavyo hapa mkononi. Usinyooshe mkono! Nitasimama navyo mpaka ada itoke.

Imekubali? Hebu nione huo ujumbe. Eeh, ndiyo.

Basi pokea, kwa mikono miwili kama babu yako. Mungu akupe wateja wa kweli, biashara yako iendelee, na asiwepo mzee wa mtu atakayekaa nyuma ya jiko kwa sababu yako. Kula sasa, chakula kinapoa.