Kahawa Isiyoandikwa

Barafu ya mto ilikuwa imevunjika mara thelathini na nne tangu Gunvor Sjödin aanze kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, na kila ilipovunjika alikuwa amekwisha kuwazika baadhi ya wale aliowaosha na kuwavisha katika majira ya baridi. Aliingia kazini akiwa binti wa miaka ishirini na miwili, ana baiskeli ya mama yake na mashavu mekundu. Sasa mvi zimetanda, na magoti humpa habari za theluji kabla ya redio. Miaka haimwombi mtu ruhusa. Huja, ikachukua kilicho chake, ikaenda zake.

Zamani hizo halmashauri iliwapa funguo tu. Hakuna aliyeuliza umekaa dakika ngapi kwa nani. Kila asubuhi waliketi kitako ofisini, wanawake wanane, wakapashana habari: huyu jana hakugusa chakula, yule anamlilia marehemu mkewe. Kisha wakatawanyika.

Ndipo akaja Joakim Wrede, mkuu mpya kutoka miji ya kusini. Hakuwa mtu mbaya, na ni haki kulisema hilo mapema. Alikuta idara inayotumia zaidi ya inachopewa, akatumwa kuinyoosha. Kila mlango ukabandikwa alama, na kila mhudumu akapewa simu ya kugusisha hapo anapoingia na anapotoka, ihesabu dakika zake. Ubaoni ofisini majina yakaanza kuwaka rangi: kijani kwa aliyetimiza muda, nyekundu kwa aliyeuvuka.

"Wewe wanakusikiliza, Gunvor," Joakim alimwambia. "Uwe kiongozi wao. Nataka takwimu nzuri, lakini sitaki tuupoteze moyo wa kazi. Vyote viwili vinawezekana."

"Kwa dakika hizi hizi?"

"Kwa dakika hizi hizi."

Maj-Lis, mmoja wa wale wanane, aliyekuwa akivaa buti karibu na mlango, akainua kichwa. "Basi tuwafundishe wazee kuvaa soksi mbio mbio," akasema. "Mshindi tumvishe medali."

Gunvor hakucheka. Alilala na agizo lile siku mbili, akidhani ipo njia ya kumtii mkuu bila ya kuwavunjia heshima wazee.

Katika bonde lile mtu hatoki nyumbani mwa mwenzake bila ya kunywa kahawa. Kuikataa ni kumwambia mwenyeji kwamba kikombe chake ni kichafu. Lakini ni bonde hilo hilo lililowafundisha binti zake, tangu wangali wadogo, kwamba kupokea ujira ukiwa umekaa na kikombe mkononi ni aibu. Gunvor akazishika adabu zote mbili. "Ukimaliza kuosha na kuvisha, gusa simu, ujitoe kwenye hesabu," aliwaambia wenzake. "Halafu keti unywe. Kahawa si kazi." Dakika zilizopotea walizifidia kwa chakula chao cha mchana, wakitafuna mkate huku wameshika usukani. Hakuna aliyewalazimisha. Ni uadilifu wenyewe uliowatega.

Nyumba ya mwisho katika mzunguko wa Gunvor ilikuwa ya Evert Nyberg, mzee wa miaka themanini na tisa, aliyevusha magogo mtoni pamoja na Ragnar, baba yake Gunvor. Evert hakunywa kikombeni. Alibana kipande cha sukari kwa meno, akamimina kahawa katika kisahani, akakiinua juu ya vidole vitatu bila ya kumwaga tone. Gunvor alikisoma kisahani kile kama tabibu anavyosoma mshipa. Miaka miwili nyuma kiliwahi kuinama upande wa kushoto, kidogo tu. Akajua ni dalili ya kiharusi, akaita gari la wagonjwa saa ile ile, na madaktari wakasema angechelewa siku moja wangemkosa.

"Unanitazama kama mkaguzi, binti Ragnar," mzee alizoea kumtania.

"Nakagua kama umebakisha sukari."

Mwezi wa Oktoba ubao mzima ukawa kijani. Joakim akaleta keki, akawashukuru kwa dhati, kisha akafungua karatasi zake.

"Ziara ya asubuhi tulikuwa tunaitengea dakika thelathini," alisema. "Takwimu zenu wenyewe zinaonyesha kumi na mbili zinatosha. Kuanzia Jumatatu kila mmoja ataongezewa nyumba nne."

Maj-Lis akamtazama Gunvor. Naye Gunvor akajitia kukata keki: kusema kweli mbele ya watu ni kukiri kwamba wanawake wanane wameidanganya simu mwaka mzima kwa shauri lake. Akajiambia atamwendea mkuu faraghani, wiki ijayo, kukitulia.

Hakukutulia. Asubuhi ya kwanza alimkuta Evert ameandaa vikombe viwili.

"Keti basi, binti Ragnar. Imeshachemka."

"Kesho, Evert. Leo nina nyumba nne za ziada."

"Kesho yako ina watoto wengi," mzee akasema, akajichekea.

Ikawa hivyo kwa siku tisa. Siku ya kumi zamu ilikuwa ya Maj-Lis, naye ndiye aliyemkuta Evert sakafuni jikoni. Alifariki hospitalini siku ya tatu, bila ya kurudishiwa kauli.

Gunvor alikwenda kuifunga nyumba. Mezani vikombe viwili vilikuwa bado pale, kimoja hakijaguswa. Kwenye kitambaa cheupe, mahali pa mzee, palikuwa na madoa ya kahawa, jipya juu ya kuukuu, yote upande wa kushoto. Akayatazama, akaketi katika kiti ambacho siku zote tisa alikuwa akitengewa yeye.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Joakim, akamweleza yote bila ya kujitetea. Uso wa mkuu ukapauka.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tuliona aibu kulipwa kwa kunywa kahawa."

Joakim akazisukuma karatasi zake kando. "Na mimi niliamini ubao," akasema.

Kabla ya Krismasi dakika thelathini zilirudishwa. Hakuna tabibu aliyethubutu kusema kwamba Evert angepona. Walisema labda, na neno hilo likamkalia Gunvor kifuani, halimuui wala halimwachi.

Baada ya maziko watu walikusanyika katika ukumbi wa kanisa. Gunvor aliketi na binti yake Tyra, aliyekwisha kuomba kazi ile ile ya mama yake. Gunvor akamimina kahawa katika kisahani, akakiinua kwa vidole vitatu, na ikamwagika.

"Mama, mbona kwenye kisahani?"

"Hii si yangu, mwanangu. Ni ya Evert."

Tyra akakishika kisahani kwa upande wa pili, wakakiinua pamoja.

Mola amrehemu Evert na amlaze pema. Amwondolee Gunvor uzito wa siku zile tisa, aibariki mikono ya Tyra na ya atakaowazaa, na uzee utakapowafikia, awajaalie mtu wa kuketi nao mezani.