Fungu la Mwaka 2016

Aselefech Wondafrash hakuwa mtu wa kufokewa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenye shahada ya hesabu aliyoipata wakati darasa zima lilikuwa na wanawake watatu, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza mitambo katika kampuni moja ya Addis Ababa iliyohifadhi kumbukumbu za kliniki. Jina lake la pili lilikuwa la baba yake, hakimu aliyestaafu bila doa. Kila barua aliyotia sahihi, mzee huyo alikuwa ametia naye.

Ndani ya seva mbili alizozitunza mlikaa mashine pepe arobaini, kompyuta zisizo na mwili, kila moja ikidhani ina diski yake yenyewe. Kumbe zote zilikula chungu kimoja. Palikuwa na hifadhi moja kuu, na Aselefech ndiye aliyeikata mafungu: hili la kliniki, lile la maabara, na fungu likikaribia kujaa akaliongeza kabla mwenyewe hajalalamika. Kila fungu alilipa jina na mwaka. Mwaka wa nyumbani, bila shaka, wa kalenda ya Ethiopia iliyo nyuma ya ile ya kigeni kwa miaka saba au minane, ule unaoandikwa kwenye vyeti vya ubatizo.

Ndipo akaja Ato Ermias, yaani Bwana Ermias, mkuu mpya wa idara, aliyekaa ughaibuni miaka kumi na mitano. Wiki ya pili tu akaamuru majina yote yafuate kalenda ya kigeni.

"Ya nini?" Aselefech akauliza mbele ya wenzake.

"Kwa sababu dunia imekutangulia miaka minane, Weyzero Aselefech."

"Basi ikifika inakokwenda, ituletee habari."

Ofisi nzima ilicheka. Ermias hakucheka. Miezi miwili ikapita, naye Aselefech hakubadilisha hata jina moja.

Mwezi wa Sene, yaani Juni, jirani yake akafariki. Chama cha mazishi cha mtaa hakikubali udhuru wa kazi, na Aselefech alikaa siku tatu katika hema la msiba, akipokea wageni. Aliporudi kazini Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, alikuta simu zote zinalia. Kliniki sita zilikuwa zimefungua milango bila faili la mgonjwa hata mmoja.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jana yake jioni mashine ya kliniki ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Ermias, alipoona hifadhi inakaribia kujaa, alitafuta cha kutupa. Akakuta fungu lililoitwa kliniki-2016, mashine yake haiwaki. Kwa hesabu yake ya kigeni lilikuwa na umri wa miaka minane, mzoga; kumbe kwa kalenda ya nyumbani 2016 ndio mwaka uliokuwa ukienda. Akalifuta. Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Aselefech aliitwa kwa mkurugenzi, Ato Kebret. Ermias alikuwa ameshakaa, na barua ilikuwa imeshachapwa: Mimi, Aselefech Wondafrash, kwa uzembe wangu nimesababisha kupotea kwa kumbukumbu za wagonjwa. Aliisoma akiwa amesimama.

"Tia sahihi hapo chini," Ermias akasema.

"Nilikuwa msibani."

"Uzembe wako uliuacha ofisini."

"Na mkono uliofuta nao ulikuwa ofisini. Wa nani?"

"Mnateta kama wake wenza," Kebret akawakata. "Kumbukumbu zinarudi au hazirudi?"

Aselefech akamgeukia Ermias. "Tangu ufute, umeshakata fungu jipya?"

"Nakwenda kulikata sasa. Kuna mteja anasubiri."

"Usiguse kitu."

Akamweleza mkurugenzi. Kufuta fungu ni kung'oa mawe ya mpaka. Shamba lenyewe linabaki pale pale na mazao yake, na mtambo huweka ramani ya jana. Lakini ukimpa mtu mwingine shamba hilo, akalima juu yake, hakuna cha kurudisha.

"Asaini kwanza," Ermias akasema, "halafu atuonyeshe uganga wake."

Aselefech akairudisha barua mezani. Angeweza kukunja mikono. Huyu bwana angezama mchana huohuo, na shingo yake ingestahili maji hayo. Lakini kliniki zingezama naye, na mjini wangesema binti wa Wondafrash alijua dawa akaketi kutazama.

"Sisaini. Nakwenda kurudisha. Mkurugenzi, njoo uone kwa macho yako, na yeye aje, asije akasema nilipiga ramli."

Ilichukua dakika arobaini. Aliitafuta ramani ya jana yake, akaisoma mstari kwa mstari, akairudisha mipaka, akalikagua fungu, ndipo akaiwasha mashine. Orodha ya wagonjwa ikatokea, hadi yule wa mwisho wa jana jioni. Ermias alikuwa anatazama dirishani.

Wakarudi kwa mkurugenzi. Aselefech akaichana ile barua vipande viwili, akachukua karatasi safi na kuandika kwa mkono: Niliagizwa kubadilisha majina ya mafungu, nikakataa kwa kiburi. Kosa hilo ni langu. Sikufuta fungu lolote. Chini yake akaandika jina lake, la baba yake na la babu yake.

"Kosa ulilolikiri linatosha kukupa onyo," Kebret akasema.

"Nipe. Na yeye aandike la kwake."

"Mimi siandiki chochote," Ermias akasema.

"Utaandika," Kebret akamwambia, akamsukumia karatasi. "Kalamu hiyo hapo."

Aliandika mstari mmoja, na mstari huo ulimchukua robo saa. Aselefech alingoja hadi sahihi ikauke, kisha akaomba nakala ya barua zote mbili, zenye mhuri.

"Za nini?" Kebret akauliza. "Huniamini?"

"Nina ndugu wanne wanaoitwa kwa jina hilo la baba yangu."

Alipewa. Tangu siku hiyo Ermias hupita mlangoni pake bila salamu, naye Aselefech hamdai hata moja.