Mlango Aliougonga Nassor

Bibi yangu akikaanga buni, nyumba nzima ilijua kuna mtu anarudi safari. Tulikaa Matrah, Maskati, nyuma ya soko, kwenye kichochoro chembamba ambacho mtu na mizigo yake hupita kwa ubavu. Harufu ilianzia jikoni, ikachanganyika na iliki aliyoitwanga mwenyewe, ikapanda ngazi na kutukuta sisi watoto juu tukigombania mahali karibu na kiyoyozi. Bibi alizaliwa Unguja akaja Omani akiwa mtu mzima, na alikuwa na sheria moja asiyoivunja kwa ajili ya mtu yeyote. Msafiri akiingia hukaa mkekani, akapewa kahawa na tende, kisha huulizwa habari. Si habari za kupita njiani, bali habari zote: ulipita wapi, umemkuta nani, umeona nini, umefanya nini. Wali ulingoja jikoni mpaka amalize. Baba yangu alirudi kutoka Salala siku moja akiwa na njaa, akajaribu kufupisha, na Bibi akamrudisha mwanzo kama mtoto wa chuoni aliyeruka aya.

Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi, na buni ilikaangwa kwa ajili ya Nassor. Nassor ni mtoto wa Ami Hamed, kaka yake baba, aliyekwenda Marekani kusoma akabaki hukohuko. Utotoni Nassor aliletwa kwetu kila likizo, na Kiswahili chake na Kiarabu chake vyote alivipata mapajani kwa Bibi. Sasa alikuwa askari wa jeshi la Marekani. Alikuwa ametoka Iraki, amepewa mapumziko, na mapumziko yakiisha ilimpasa aamue: atoke jeshini au atie saini aendelee. Bibi alitaka atoke. Hakuficha, aliliomba hilo kwa sauti kila baada ya swala, na sisi tuliokuwa nyuma yake tukaitikia amina.

Siku ya kwanza Nassor hakupata nafasi ya kusema kitu, kwa sababu baba yake alikuja naye na baba yake ndiye aliyesema. Ami Hamed alitoa kamera ndogo akatuonyesha uwanja wa mpira huko kwao, umejaa watu, na Nassor katikati amevaa sare, anatabasamu. Uwanja mzima ulisimama, watu wakapiga makofi huku wameshika soda. Ami akaeleza kwamba kule askari huingia ndege kabla ya watu wengine, kwamba hotelini mtu asiyemjua humlipia chakula, na kwamba wanawake humsimamisha dukani wakamwambia asante kwa kulitumikia taifa.

"Wanamshukuru kwa lipi?" Bibi akauliza.

"Kwa kutumikia, Mama."

"Hilo nimelisikia. Nnauliza, kafanya nini?"

Ami akacheka, akamwambia kwamba hayo kule hayaulizwi. Kisha akasimulia jambo ambalo aliliona ni la furaha, na mimi mpaka leo likinijia huwa nasaga meno. Tangu yale majengo marefu ya Amerika yaangushwe, jirani zake walikuwa wakimtazama yeye na ndevu zake kwa jicho la pembeni. Nassor alipoingia jeshini, Ami alibandika stika nyuma ya gari iliyosema kwamba mwanawe ni askari. Wiki hiyohiyo jirani wa mbele akavuka barabara kuja kumpa mkono. "Miaka ishirini nimekaa pale," alisema Ami, "siku ile ndiyo nilikuwa mtu." Nassor alikuwa akichambua kokwa za tende, anazipanga kwenye kisahani moja baada ya moja. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, Bibi aliruhusu wali uletwe kabla ya habari kuisha.

Lakini hakusahau. Ami alikuwa amefikia kwa wakwe zake mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na Nassor alibaki kwetu. Kila siku Bibi alimtilia kahawa, akamuuliza, na kila siku Nassor akajibu salama, Bibi, salama tu. Ijumaa moja, baada ya swala, wote tumekaa mkekani, Nassor akaweka kikombe chini na kuanza.

"Bibi, kulikuwa na nyumba moja. Wenzangu hawajui Kiarabu, kwa hivyo nnayegonga mimi. N'kagonga, n'kasema asalaam alaykum, vile ulivyonfunza. Ndani mama mmoja akaitikia. Alikuwa hataki kufungua, Bibi. Kafungua kwa sababu ya ile salamu."

Akakishika tena kikombe. Bibi hakumhimiza. Aliweka mkono wake juu ya goti la Nassor na kungoja, na sisi sote tukangoja. Nassor akavuta pumzi ya kuendelea, na ndipo Ami Hamed alipoingia kutoka msikitini, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Basi, Mama, basi! Kwetu haya hayaulizwi. Huyu ni shujaa. Mpigieni makofi mtoto."

Alisema neno "kwetu", naye amesimama ndani ya nyumba ya mama yake. Akaanza yeye kupiga makofi. Shangazi wakafuatia, mmoja akapiga na kigelegele kama yuko harusini, na chumba kikajaa kelele. Bibi peke yake hakupiga. "Hamed," alisema, "mtoto alikuwa anasema." Sidhani kama Ami alimsikia. Nassor alisimama, akatabasamu lilelile tabasamu la kwenye kamera, akaomba wali. Tangu siku hiyo kila alipoulizwa juu ya nyumba ile alijibu kwamba amesahau. Wiki iliyofuata alimwambia Bibi kwamba atatia saini. Bibi akamuuliza kwa nini, naye akasema Baba keshawaambia watu.

Alirudi vitani mara mbili zaidi. Bibi alifariki Nassor akiwa hukohuko, na hakupata kujua nini kilimpata mama yule baada ya kuufungua mlango.

Sasa mimi ni mtu mzima, ninawaongoza watalii wanaoshuka kwenye meli Bandari ya Sultan Qaboos. Mwezi uliopita alishuka mzee wa Kimarekani aliyevaa kofia yenye jina la vita alivyopigana ujanani. Binti mmoja wa meli hiyohiyo alimkimbilia, akamshika mkono, akamshukuru kwa kutumikia. Mzee alifungua kinywa. Kabla hajatoa neno la pili, binti alikwishageuka kupiga picha ngome. Nilipandwa na hasira mpaka nikasahau nilikuwa nimefikia wapi katika maelezo yangu. Shukrani gani hii isiyotaka kujua inashukuru nini? Mtu akinishukuru namna hiyo nitaelewa kwamba ananiomba ninyamaze.

Nassor ametoka jeshini siku nyingi. Sikio lake la kushoto halisikii, na mkewe amemwacha. Kuna siku moja katika mwaka ambayo mikahawa ya kule huwapa askari wa zamani chakula cha bure, na kila mwaka hunitumia picha ya sahani, na kibendera kimechomekwa juu ya nyama. Huandika neno moja tu chini yake: salama. Ami Hamed amezeeka. Amebadilisha gari mara nyingi, na kila gari jipya amelibandika ile stika.

Wiki ijayo Nassor anakuja Maskati na binti yake. Jana Ami alinitumia ujumbe wa sauti. "Raya, mwanangu, akifika msimuulize mambo ya jeshi. Mheshimuni tu." Niliusikiliza nikiwa jikoni, kisha nikaufuta. Buni nimeshanunua. Nitaikaanga mwenyewe, nitamkalisha mkekani mahali palepale, nitamtilia kikombe na kumuuliza mama yule alipofungua mlango ikawaje, na nitangoja hata wali ulale. Ami yangu akitaka kupiga makofi, na apige hukohuko kwao.