Mpishi wa kantini aliyeondoa chumvi mezani

Saa mbili asubuhi, Mwanabaraka Hija anakamua ndimu ya arobaini. Kwenye kantini ya kiwanda kimoja cha magodoro, Temeke, mchuzi wa samaki wa watu 210 unachemka, na chumvi aliyoutia ni nusu ya ile ya mwaka jana.

"Mie mtu wa pwani. Kwetu mchuzi kupungua chumvi ni aibu, usione nacheka," anasema mama huyu wa miaka 52, mkazi wa Tandika.

Mambo yalianza Januari, kiwanda kilipoleta wauguzi kuwapima wafanyakazi wote presha. Sitini na wanne walikutwa nayo, wengi hawana habari. Mwanabaraka alikuwa amepeleka chai tu. Nesi Gladness akamkalisha, akampima. Ikasoma 178 kwa 106.

"Nikajua mashine mbovu. Nikamwambia, sista, hebu rudia. Ikaja ileile."

Dawa akaanza siku hiyohiyo. Uongozi nao ukaanzisha mpango wa kulinda mioyo ya wafanyakazi: vipimo kila mwezi, matembezi baada ya kazi, na chakula chenye chumvi na mafuta kidogo. Hilo la mwisho likamwangukia yeye, tena kwa sharti. Wafanyakazi wakisusa chakula miezi mitatu, kantini inapewa mpishi mwingine.

Akaondoa chupa za chumvi mezani. Wanaume wazima wakaja na chumvi zao, wamezifunga kwenye karatasi ndani ya mifuko ya ovaroli! Kinara wao alikuwa Twaha, mpakiaji wa magodoro.

"Shikamoo Mama Talha. Leo umetupikia cha wodini?" alimuuliza Mwanabaraka mbele ya foleni nzima, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Marahaba. Bora ukile hapa kuliko kukifuata hukohuko wodini."

Watu walicheka. Yeye alirudi jikoni akalia, wala hafichi. Kisha akashika ndimu, ukwaju, tangawizi na kitunguu saumu, akajaribu hiki na kile mpaka sahani zikaanza kurudi tupu. Aprili mkataba wake ukaongezwa mwaka mzima. Presha ya Twaha imeshuka, na siku hizi ndiye wa kwanza kuomba mchuzi wa nyongeza.

Sasa Mwanabaraka ameomba Jumamosi moja awaite wake na waume wa wafanyakazi, awafundishe mapishi yale.

"Mchana mtu namlisha mie. Usiku akaenda kulipiza chumvi kwake, si kazi bure?"

Jina la kwanza kwenye orodha ya wageni ni la mumewe, Mzee Nassibu. Naye ana presha, na nyumbani huuliza chumvi kabla hajaonja.

"Labda akikaa na wanaume wenziwe ataona haya," anasema. "Huku nimewaweza watu mia mbili na kumi. Nyumbani ninaye mmoja tu, kanishinda. Na huyo ndiye ninayetaka kuzeeka naye."