Siku Shemeji Alipoambiwa Asimame

Kabla sijaolewa sikuwa nimewahi kumlisha mtu mzima. Asubuhi yangu ya pili kambini, mama mkwe alinipa bakuli la uji na kijiko cha mbao, akanionyesha mwanawe mdogo aliyekuwa ameegemezwa ukutani juu ya magunia mawili.

"Usimharakishe," alisema. "Atapaliwa."

Kisha akachukua jembe akaenda kupalilia shamba la Kaburu, mzungu aliyetuajiri, pamoja na wanawake wengine.

Shemeji alikuwa na miaka ishirini na mitatu hivi, mkubwa kwangu kwa minne. Miguu yake ilijikunja toka utotoni ikakauka hivyo hivyo, magoti yakielekea kifuani. Mkono mmoja ulikuwa umekakamaa ubavuni. Mwingine ulimtii ukipenda. Shingo ilimtetemeka, na mate yalimtoka kutwa nzima. Siwezi kudanganya katika umri huu: kijiko cha kwanza nilichomtia kilirudi nusu, kikanimwagikia kiganjani, uji vuguvugu uliochanganyika na ute. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya nyumba. Niliporudi alikuwa ananitazama. Alisema neno, sikulielewa. Alizungumza kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Ilinichukua karibu mwezi kumwelewa. Sentensi yake ya kwanza niliyoisikia yote, mwanzo hadi mwisho, ilikuwa hii: "Mboga haina chumvi. Nani alikufundisha kupika, mbuzi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hakuwa mtu mpole. Watu hupenda kusema wagonjwa ni malaika. Yule alikuwa na ulimi mchafu kuliko wa dereva wa ng'ombe, akipenda ugoro, akichukia mbwa na watu wanaoongea polepole mbele yake kana kwamba ni kiziwi. Ila hakuna aliyejua, kwa sababu waliomwelewa ni mama yake, mume wangu na mimi tu.

Kambi yetu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Eldoret, mji ambao wazee wakati ule bado waliuita Sisibo. Ilikuwa ni miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Sisi tulitoka magharibi kutafuta kazi, tukapewa vibanda vya udongo pembeni ya miti ya miwati, na mbele yetu ngano mpaka macho yachoke. Majirani walipopita mlangoni petu walitema mate chini ili balaa lisiwafuate. Mwanamke mwenye mimba aliweza kuzunguka kambi nzima asimwone shemeji. Hao hao walikuja kuomba moto na chumvi kwetu.

Hata mke wa Kaburu alikuja siku moja na wageni wake, kitambaa kimebanwa puani, akaamuru shemeji aburutwe nje kwenye jua apigwe picha. Shemeji akasema kitu.

"Yeye nasema nini?" mama yule aliniuliza.

Alikuwa amesema, "Mwambie miguu yake mwenyewe imevimba kama kiwele."

"Anasema asante, memsahibu," nikajibu.

Tulicheka wiki nzima, mimi na yeye. Baada ya hapo sikusikia tena ile harufu ya magunia, au niliisikia nikaizoea kama mtu anavyozoea moshi wa jikoni kwake.

Halafu akaja mhubiri.

Alizunguka mashamba kwa baiskeli kila Jumapili, mtu mnene mwenye koti jeusi linalong'aa viwiko, nywele zimepakwa mafuta mengi mpaka yakateremka kwenye kola. Alikuwa na mazoea ya kushika watu anapoongea nao, kwa viganja vyenye unyevu. Watu walisema ameponya kipofu upande wa Burnt Forest. Mama mkwe alimfuata shamba la jirani, akapiga magoti, akamwomba aje. Kisha akarudi nyumbani akachagua jogoo wetu mkubwa wa kumchinjia.

Asubuhi ya siku hiyo nilimuuliza shemeji, "Unataka kuombewa?"

"Nataka kunyolewa," alisema.

Mume wangu akamnyoa ndevu, tukamvalisha shati safi, tukamtoa nje. Kambi nzima ilikuwa imekusanyika, na wale watema mate wakiwa mbele kabisa. Waliimba muda mrefu. Mhubiri alimwekea shemeji mikono kichwani akakitikisa, na mimi nikaona shingo ile dhaifu ikienda huku na huku. Nikasema, "Taratibu, mwalimu." Hakuna aliyenisikia.

"Msimamisheni!" mhubiri akapaza sauti.

Wanaume wawili wakamshika kwapani wakamwinua. Miguu yake ilibaki imejikunja vile vile, ikining'inia bila kugusa ardhi.

"Nyoosheni hiyo miguu! Mwachieni! Mwachieni kwa imani!"

Mume wangu alikuwa mmoja wa wale wawili. Alinitazama mimi, akamtazama mhubiri, akaachia.

Nilisikia mfupa. Watu husema walisikia hiki na kile, lakini mimi niliusikia, kama kuni kavu inayovunjwa kwa goti. Shemeji aliangukia ubavu, mdomo ukapasuka kwenye jiwe. Wimbo ulikatika. Mhubiri alijifuta jasho, akageuka polepole akiwatazama watu mmoja mmoja, macho yakasimama kwangu.

"Nyumba hii kuna mtu amefunga mlango wa baraka," alisema. "Mtu mwenye dhambi ya siri."

Nilikuwa na miezi kumi na moja katika ndoa bila mimba. Wote walielewa. Mwanamke aliyeniomba chumvi juzi yake alitikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba alijua zamani.

Kisha wakaingia ndani kula.

Mpaka leo nikisimulia jambo hili, hapa ndipo hurudia mara mbili. Waliingia kula. Mama mkwe alisimama katikati ya uwanja, kiganja mdomoni, akimtazama mwanawe mavumbini, halafu mgeni akakohoa ndani na yeye akaenda kupakua ugali. Nilibaki mimi. Nilijaribu kumwinua peke yangu, akapiga kelele, nikamlaza tena. Mhubiri alitokea mlangoni kunawa mikono. Shemeji akasema kitu huku damu ikimtoka.

"Anasema nini?" mhubiri akauliza.

Safari hii sikubadilisha neno. "Anasema, aliyeniangusha aje aniokote."

Mhubiri alicheka kidogo, akakung'uta maji vidoleni. "Mnasikia? Pepo bado linaongea."

Akarudi ndani. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Nikiwa nimechuchumaa pale nje, nilimwona mume wangu akiinyanyua kwa mikono miwili na kumpa yule mtu, naye akaitafuna kwa upande mmoja wa mdomo, mafuta yakimshuka kidevuni. Miezi kumi na moja niliyaona mate ya shemeji kila siku. Hayakuwahi kunitia kinyaa kama kile kidevu.

Paja lilivimba usiku ule ule. Kesho yake mume wangu alikwenda kuomba lori limpeleke ndugu yake hospitali mjini. Kaburu alijibu kwamba lori linapeleka ngano stesheni, na kwamba mgonjwa si mfanyakazi wake. Mume wangu akarudi. Nilimwambia tukope mkokoteni kwa nyapara. Akasema, "Ngoja tuone." Tukangoja, tukaona. Ngozi iliyolalia magunia ikafunguka, na siku ya saba nikakuta funza kwenye kidonda. Nilikaa mlangoni penye mwanga nikiwatoa mmoja mmoja kwa kijiti, nikiwatupa motoni.

"Waache kidogo," shemeji alisema, sauti imekwisha. "Hawa angalau wananila bila kuimba."

Sikujua nicheke au nilie, nikaendelea na kijiti.

Alikufa siku ya kumi, mchana, nikiwa mtoni. Tulimzika ukingoni mwa miwati, mahali nyapara alipotuonyesha. Mhubiri alituma salamu kwamba ana kazi nyingi.

Miaka mitatu baadaye tulikuwa tumehamia mjini, mume wangu akifanya kazi kwenye maghala karibu na reli. Nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa injili uwanjani, tukaenda. Aliyepanda jukwaani alikuwa yeye, mnene zaidi, koti jipya. Akatoa ushuhuda wa kijana kiwete katika shamba la Kaburu, aliyekuwa amejikunja kama mpira tangu kuzaliwa, jinsi alivyomwambia simama naye akasimama.

"Akatembea!" alisema. "Akaingia ndani kwa miguu yake, akala kuku pamoja nami!"

Watu walipiga vigelegele. Nilijikuta nimesimama.

"Huyo alikuwa shemeji yangu!" nikasema kwa nguvu zangu zote. "Hakutembea! Ulimvunja, akafa!"

Wachache walio karibu waligeuka. Mhubiri alinyoosha mkono, kwaya ikaanza kuimba, na sauti yangu ikazama humo. Mwanamke mmoja alinivuta gauni, "Kaa, mama, mtoto atashtuka." Nikatazama upande wa wanaume. Mume wangu alikuwa amesimama pamoja nao. Mikono juu. Anaimba.

Njiani kurudi, mume wangu alianza kuzungumza tulipovuka reli.

"Si vizuri kumwaibisha mtu wa Mungu mbele za watu," alisema.

"Na ndugu yako?"

"Ndugu yangu amepumzika. Wacha watu wapate tumaini."

"Wewe ulikuwa umemshika," nikamwambia. "Mkono wa kushoto."

Alitoa kitambaa akafuta vumbi kwenye viatu vyake vya Jumapili, kimoja, halafu kingine, kwa uangalifu mkubwa. Nilimzalia watoto wengine wanne na nikampikia mpaka alipokufa. Alikuwa mchapakazi, hakunipiga, na majirani walinihesabu mwenye bahati. Lakini tangu Jumapili ile nilikuwa nikimpakulia chakula, namwekea mezani, na kwenda kula changu jikoni. Aliniuliza sababu mara moja tu, nikamwambia napenda joto la moto.