Bendera Ambayo Shangazi Hakuwahi Kuiona

Shangazi yangu alipofuka kwa surua akiwa darasa la kwanza, Tanganyika ikiwa imetoka tu kupata uhuru. Desemba iliyopita nilipanda Uluguru kumtembelea. Redioni walikuwa wakitangaza sherehe za Uhuru, naye akaniuliza, "Mwanangu, bendera bado ni ile ya kijani, nyeusi, halafu kijani tena, mistari imelala?"

Ndipo nikatambua kuwa bendera ya sasa hakuwahi kuiona. Nikamweleza kwamba tulipoungana na Zanzibar iliingia buluu, na ule mstari mweusi ukawekwa mshazari. Hakunielewa. Basi nikaomba mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani jirani, nikashona kibendera kwa mkono, mishono nikaiacha minene ili aihisi.

Nikamwongoza kidole. "Hapa juu ni kijani, ardhi yetu. Huu mweusi ni sisi watu. Njano kandokando ni madini."

"Mbona sisi tunapanda mlima?" akauliza, akicheka.

"Na huku chini ni buluu, maji."

Kicheko kikakatika. Akaupapasa upande ule kwa kiganja kizima. "Buluu naikumbuka," akasema. "Ndiyo ilikuwa sketi yangu ya shule. Nilipoacha kusoma, mama akampa mdogo wangu."

Nikamwambia kibendera ni chake. Akakikunja taratibu kama nguo mpya, akakiweka chini ya mto wake.